Mita Hamsini na Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza leo, ya dakika kumi, ya kulowesha vumbi tu.

Kazini nina daftari la vipimo, na humo siandiki ila namba. Hili ni la nyumbani. Nimeamua kuandika mpaka mvua ziishe, kwa sababu msimu huu kuna mambo matatu. Nitapima njia ya nusu marathoni ya mji. Wifi yangu ataikimbia akitafuta muda wa kufuzu timu ya taifa. Na toleo jipya la saa ya mkononi ya wakimbiaji, ile inayopima umbali kwa setilaiti, litatoka. Hilo la tatu ndilo linalozungumzwa na watu.

Jumatano, 6 Machi

Mkutano wa klabu ya wakimbiaji. Mimi sikimbii. Naenda kwa sababu mimi ndiye mpima ardhi pekee wanayemjua, na nina kibali cha shirikisho la riadha cha kupima njia za mbio.

Nusu saa nzima imekwenda kwenye saa. Msemaji mkuu ni daktari wa meno ambaye klabu nzima inamwita Setilaiti, na jina hilo amelipata kwa jasho lake. Anasema saa mpya itapokea mawimbi ya aina mbili kutoka kila setilaiti, kwa hiyo majengo hayataisumbua. Hii anayovaa sasa ikipita mtaa wa mabenki inachora mstari ndani ya ukuta.

"Jumapili nimepita kaunta mpaka chumba cha hazina," alisema, "na hakuna askari aliyenigusa."

Walicheka. Mimi nilicheka kidogo. Ni mtu wa maneno mengi, na watu wa maneno mengi siwaamini kwenye vipimo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepima njia. Mume wangu alikuwa nyuma yangu na gari, taa zikiwaka, ili tusigongwe.

Kazi yenyewe ni hivi. Kwanza natandaza tepu ya chuma kwenye barabara iliyonyooka na kupata mita mia tatu kamili. Naziendesha kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, mara nne, mpaka nijue kila mzunguko ni sentimita ngapi. Kisha napita njia yote kwa mkato mfupi kuliko wote ambao mkimbiaji anaweza kuupata. Mwisho naongeza mita moja kwa kila kilomita, akiba, ili njia isije ikapungua.

Pa kugeukia ni barabara ya kiwanda cha matofali, baada ya daraja, kwenye nguzo ya taa ya kumi na nane. Nimepigilia msumari kwenye lami na kuuzungushia rangi ya njano.

Jumapili, 10 Machi

Wifi yangu ni dada wa mume wangu, mdogo wake wa mwisho. Ana miaka ishirini na tisa, na huu ni mwaka wa tatu anakaa chumba chetu cha uani. Anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mikono yake ina harufu ya dawa ya shuka hata akipaka mafuta. Muda wake bora ni saa moja, dakika kumi na tano na sekunde arobaini. Kufuzu ni saa moja na dakika kumi na tano. Sekunde arobaini ni kitu gani? Ni muda wa kuchagua nyanya sokoni. Yeye anazitafuta tangu mwaka juzi.

Leo alinikuta nafua akauliza kwa nini saa za watu wote husema njia ni ndefu kuliko nilivyopima.

"Kwa sababu saa haioni barabara, wifi. Inakisia ulipo kila sekunde, na makisio yanayumba. Mlevi na mtu asiyelewa wakitoka baa moja kwenda nyumba moja, nani atatembea zaidi?"

"Mlevi."

"Basi saa ni mlevi."

"Na hiyo mpya?"

"Mlevi aliyekunywa kidogo."

Akasema atamwambia Setilaiti. Nikamwambia asithubutu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Saa mpya imeahirishwa kwa wiki mbili. Klabu ina msiba.

Jumatano, 27 Machi

Mvua kila siku. Ofisini hatutoki, tunachora ramani za viwanja ambavyo hatuwezi kuvifikia. Wifi anakimbia kabla ya zamu, anarudi viatu vimekuwa matofali, anaviosha na kuvijaza magazeti. Mwezi huu hajakosa siku. Simsifu, kwa sababu hapendi. Namwachia maji ya moto.

Jumatano, 3 Aprili

Saa zimefika, tano. Setilaiti alikuja na yake ofisini kwangu akiwa bado na koti jeupe la kliniki. Aliiweka mezani juu ya ramani kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

"Bi Vipimo, ishike."

Niliishika. Ni nyepesi.

"Sasa mimi na wewe tutakubaliana," akasema.

Nilimwambia nafurahi. Nilikuwa na kazi.

Jumapili, 7 Aprili

Setilaiti amekimbia njia yote, nguzo kwa nguzo, mpaka msumarini na kurudi. Saa mpya imempa kilomita ishirini na moja na mita mia moja tisini. Kamili ya nusu marathoni ni ishirini na moja na mita tisini na saba na nusu. Alikuja nyumbani kulalamika. Alidhani angepata kamili.

Nilimweleza akiba niliyoongeza, na kwamba hakuna mkimbiaji anayekata kila kona kama baiskeli yangu. Zilizobaki ni ulevi. Kwa saa, hiyo ni kazi safi sana. Hakuridhika.

"Bado haijazoea anga la hapa," alisema. "Kuna sasisho la programu yake linakuja Ijumaa."

Ijumaa, 12 Aprili

Sasisho limekuja. Wameketi watano kwenye kibaraza cha klabu, mikono mbele, wakingoja mstari ujae kwenye vioo vya saa. Nimepita na mwavuli. Hakuna aliyeinua kichwa.

Jumapili, 14 Aprili

Siku ya mbio.

Mvua ilianza kabla ya mapambazuko na haikuwa ya kuchezea. Kwa mpango wetu, saa kumi na moja alfajiri nilipaswa kuzunguka kwa pikipiki nikague koni zote zinazoonyesha njia, hasa ile ya kugeukia. Lakini mkeka wa kusomea muda kwenye mstari wa kumalizia ulikuwa unaelea. Mwalimu, ambaye ndiye mkurugenzi wa mbio na amefundisha michezo mji huu miaka thelathini, aliniomba nibaki niusimamie. Yeye mwenyewe alikwenda kwenye koni. Alirudi saa kumi na mbili kasoro akiwa amelowa mpaka soksi, akatandaza fomu ya ukaguzi wa njia juu ya boneti ya gari.

"Dada yangu, weka sahihi hapa. Koni zimekaa."

"Zote?"

"Zote."

Fomu inasema: nimekagua mwenyewe. Nimemheshimu Mwalimu tangu nikiwa na sare ya shule. Nikaweka sahihi.

Mvua ilipungua walipoanza. Wifi alikuwa wa pili kwa wanawake. Nilimwona anaingia mtaa wa mwisho akiwa amebeba mabega juu, jambo analofanya akichoka, na saa kubwa ya mstarini ilikuwa inasoma saa moja, dakika kumi na nne na sekunde thelathini. Mume wangu, ambaye hapigi kelele hata mpirani, alipiga kelele. Wifi alivuka kwa saa moja, kumi na nne, hamsini na moja. Alipita mkeka, akapita waandishi, akaenda kushika mti, akatapika, kisha akageuka kunitafuta.

"Ngapi, wifi? Sijaona."

"Hamsini na moja."

"Kumi na nne?"

"Kumi na nne."

Akakaa chini kwenye maji.

Kaka yake alimnyanyua. Watu walipiga picha. Mwalimu alilia waziwazi. Kisha Setilaiti akaja anakimbia, medali shingoni, mkono juu.

"Ishirini na moja nukta kumi! Kamili! Bi Vipimo, tumekubaliana! Sasisho limefanya kazi!"

Wenye saa mpya wakakusanyika. Nukta kumi. Nukta kumi. Mmoja nukta kumi na moja. Walikumbatiana kama waliofunga bao.

Nilitabasamu. Na hapo, katikati ya watu wote wale, nikaanza kupiga hesabu. Wiki iliyopita njia hii hii, saa hii hii, ilisema mia moja tisini. Njia haiwezi kusinyaa kwa kulowa. Mlevi hafiki nyumbani kwa hatua chache kuliko asiyelewa. Saa ikisoma sawasawa na karatasi, basi barabara ni fupi kuliko karatasi.

Tulikwenda kula.

Jumatatu, 15 Aprili

Ofisini. Wifi ametokea gazetini. Mama mkwe amepiga simu mara nne.

Jumanne, 16 Aprili

Nimejiambia ni sasisho. Setilaiti amejiambia hivyo na ana furaha.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda kliniki ya Setilaiti wakati wa chakula cha mchana. Hakukuwa na kiti kingine, kwa hiyo niliketi kwenye kiti cha wagonjwa, miguu juu, taa usoni. Nilimwomba anionyeshe michoro miwili ya saa yake, wa tarehe saba na wa siku ya mbio.

"Umekuja kukiri?" alisema. "Sema kwa sauti, muuguzi asikie."

Alifungua kompyuta anayoonyeshea picha za meno, akaweka mistari miwili, mmoja mwekundu, mmoja wa buluu. Mtaa wa mabenki ilikwenda pamoja. Darajani pamoja. Barabara ya kiwanda cha matofali pamoja, kisha wa siku ya mbio ukageuka, na ule wa tarehe saba ukaendelea mbele peke yake, mfupi kama kucha, ndipo nao ukageuka.

Nilitegemea maneno mengi. Alikuza picha. Alikuza tena. Akavua miwani.

"Nguzo moja," alisema.

"Nafikiri."

"Nguzo hadi nguzo ni mita ngapi?"

"Kama arobaini. Kwenda na kurudi, themanini."

Alifikiri. "Basi hata muda wangu bora si muda." Halafu akanitazama kweli, na nadhani ni mara ya kwanza ananitazama. "Na wifi yako?"

Nilishuka kitini.

Alichapisha ile picha, akaiwekea tarehe na sahihi yake, akanikabidhi. "Ukiihitaji. Usipoihitaji, ichome. Sitamwambia mtu, wala sitakuuliza."

Nimekosea kuhusu mtu huyu. Naandika hapa kwa sababu kwenye daftari la kazini hakuna pa kuandika jambo kama hilo.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilimwambia mume wangu nahitaji mtu wa kushika tepu. Hakuuliza. Tulikwenda barabara ya kiwanda. Mvua ilikuwa nyembamba. Bonde dogo penye nguzo ya kumi na nane bado lilikuwa na tope, nikalikwangua kwa jembe mpaka nikaona rangi ya njano na msumari. Kwenye nguzo ya kumi na saba, lami ilikuwa safi na kavu zaidi, na mguu wa nguzo ulikuwa na kipande kilichobaki cha kamba nyekundu ya kufungia koni.

Alishika mwanzo wa tepu msumarini, nikavuta mpaka kambani.

"Soma," alisema.

"Arobaini na sentimita kumi."

Alibaki amechuchumaa. Anajua hesabu, ni fundi umeme. Nikamwona akizidisha mara mbili, akitoa ile akiba yangu ya mita ishirini na moja, akigawa kwa mwendo wa dada yake.

"Njia ilipungua mita hamsini na tisa," nikasema, ili asiifanye peke yake.

"Ni sekunde ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Alibakiwa na tisa."

"Tisa."

Aliachia tepu. Ikarudi kwa kishindo na kunikata kidole kidogo. Hakuomba radhi, na sikutaka aombe.

"Ningejua unanileta kwa kazi hii nisingekuja," alisema garini.

"Ndiyo maana sikukwambia."

Jumapili, 21 Aprili

Kwa Mwalimu. Alinikaribisha chai. Nilipoanza tu kusema nguzo, akajua.

"Pale palikuwa na maji mpaka hapa," akaonyesha chini ya goti. "Watu mia tano, dada yangu. Mmoja angeteleza akavunja mguu ungesema nini? Nikaisogeza kwenye pakavu. Nilidhani ni hatua chache."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

Alikuwa na haki kuhusu maji. Ningesogeza na mimi. Ila ningesogeza na mstari wa kuanzia pia ili kufidia, na hiyo ni kazi ya dakika tano.

"Nani atajua?" aliuliza, kwa upole, kama alivyokuwa akituuliza nani kaacha mpira nje. "Hata saa zote zimekubali. Zile zimetoka kwa wataalamu, zina setilaiti. Wewe una baiskeli. Mwache binti aende zake timu ya taifa. Mita hamsini ni nini kwa mtu aliyekimbia elfu ishirini na moja?"

Ni swali zuri. Nilikunywa chai yote nikilifikiria. Kisha nikafikiria wanawake waliokimbia njia kamili katika miji mingine wakapata kumi na tano na sekunde mbili, kumi na tano na nne, wakarudi makwao. Siwajui. Nao wana mawifi.

Nilimwambia nitaandika barua kesho.

"Na sahihi yako?" akasema.

"Nayo nitaiandika."

Hakunisindikiza mlangoni. Miaka thelathini anasindikiza kila mtu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilimsubiri wifi atoke zamu. Alikuja na mfuko wa embe, maana tangu mbio wauguzi wanampa vitu. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, nguzo, koni, tepu, sekunde. Naona nilimweleza kama ninavyowaeleza wenye viwanja kwamba ukuta wa jirani uko ndani ya mpaka.

Alisikiliza amesimama.

"Ulikagua koni?"

"Hapana."

"Fomu ulisaini?"

"Nilisaini."

"Mimi nilikimbia mpaka waliponiambia geuka," alisema. "Mngeniambia nenda mbele ningekwenda."

"Najua."

"Hujui. Wewe unajua mita." Sauti yake haikupanda. "Ungeniuliza, wifi. Kabla ya tepu. Ungekuja ukaniambia, kuna kitu kinanisumbua. Umemwambia daktari wa meno, umemwambia kaka, umemwambia Mwalimu. Mimi ndiye wa nne."

Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Aliweka embe mezani, akaenda chumbani kwake, akatoka na begi. Kaka yake alimfuata mpaka getini. Walizungumza. Alirudi peke yake.

Jumanne, 23 Aprili

Barua imekwenda. Ukurasa mmoja, pamoja na picha ya Setilaiti. Nimeandika kwamba koni ilisogezwa kwa sababu ya usalama, na kwamba sikuikagua na nikathibitisha kuwa nimeikagua.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua. Wifi anakaa kwa mfanyakazi mwenzake karibu na hospitali.

Ijumaa, 3 Mei

Matokeo yote ya mbio yamefutwa. Klabuni watu watatu hawanisalimii. Setilaiti alisimama mbele yao akasema mchoro ulikuwa wake na mwenye hasira amletee yeye, atamng'oa jino bure. Halafu akasema jambo lililowanyamazisha: saa ilisema kweli siku ile, sisi ndio tulioamini kwamba imepona.

Jumatatu, 6 Mei

Mume wangu ananisalimia na kula. Kidole kimepona.

Jumapili, 12 Mei

Nimekwenda kwa wifi. Nilisimama mlangoni, hakunikaribisha ndani wala hakufunga.

"Nimekuja kusema ulikuwa na haki," nikamwambia. "Ulipaswa kuwa wa kwanza. Niliogopa ungeniomba ninyamaze, na niliogopa ningekubali."

Aliegemea mlango.

"Nisingekuomba," alisema.

"Sasa najua."

"Ningelia, lakini nisingekuomba."

Akaniambia kuna mbio za mwisho za kufuzu Jumapili ijayo, mji wa pili kwa basi la asubuhi. Anakwenda. Aliniambia tu. Hakuniambia nije.

Jumapili, 19 Mei

Sikwenda. Mume wangu alikwenda.

Simu iliita saa nne na robo. Nilidhani ni yeye, kumbe ni wifi, bado anahema.

"Kumi na tano na sekunde ishirini na mbili."

"Pole, wifi."

"Ni muda wangu bora," alisema. "Wa kweli. Na kulikuwa na upepo."

Sekunde ishirini na mbili. Nilitaka kumwambia ni mwendo wa mita mia moja. Safari hii nilinyamaza.

Jumatano, 22 Mei

Jua siku ya nne. Wifi amerudi na begi lake. Hakueleza, nami sikuuliza. Alikuta bahasha ya shirikisho mezani, na kwa kuwa nyumba hii haina siri tena, aliisoma kwa sauti. Kibali changu cha kupima kimesimamishwa mwaka mmoja kwa kuthibitisha nisichokiona. Wananishukuru kwa uaminifu. Vyote katika aya moja.

"Mwaka mmoja," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi kufuzu tena ni mwaka mmoja." Akaikunja barua, akanirudishia. "Basi tumefungiwa wote."

Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka, nikamtazama usoni kuhakikisha. Yeye ndiye aliyeanza.

Kisha akaenda kubadilisha viatu. Aliporudi alisimama mlangoni akanitazama miguu, ndala zangu.

"Vaa raba, wifi," alisema. "Hatuendi mbali. Wala hatupimi."